Karo Imelipwa, Je, Mtoto Ametembelewa?

Ikifika Jumamosi ya kutembelea wanafunzi wa bweni, mkazi wa Kwale hahitaji kuambiwa. Alfajiri kivuko cha Likoni hujaa akina mama waliobeba hotipoti zilizofungwa kwa leso, akina baba walioshika mifuko ya sabuni na madaftari, na watoto wadogo waliovalishwa nguo za sikukuu ili wakamwone kaka au dada. Ukunda, Kinango na Lunga Lunga, matatu za kwanza huondoka zimejaa.

Lakini ziko nyumba ambazo siku hiyo hupita kama siku nyingine yoyote. Si kwamba wazazi wa nyumba hizo hawampendi mtoto wao. Huenda nauli haikupatikana, shule iko mbali, au shamba lina kazi. Na wako wanaojiambia: "Kaunti imelipa karo, walimu wapo, mimi nitaenda kufanya nini huko?"

Makala haya yanajibu swali hilo. Yanaeleza siku ya kutembelewa ni nini, inamfaa nani, mzazi akifika shuleni aangalie nini, na afanye nini asipoweza kwenda.

Siku hii ni ipi, na hupangwa na nani?

Siku ya kutembelewa ni siku ambayo shule ya bweni hufungua lango ili wazazi, walezi na jamaa wakae na wanafunzi kwa saa kadhaa. Si sawa na siku ya masomo, ambapo mzazi huketi na walimu kujadili alama za mtoto, wala si mkutano mkuu wa wazazi. Hata hivyo, shule nyingine huunganisha shughuli hizo katika siku moja ili kuwapunguzia wazazi safari. Soma barua ya shule vizuri ujue umeitwa kwa lipi.

Tarehe hupangwa na shule yenyewe kwa kufuata kalenda ya mihula ya Wizara ya Elimu. Mwaka wa 2016 Wizara ilipiga marufuku siku za kutembelewa, siku za maombi na shughuli nyingine za aina hiyo katika muhula wa tatu, ili kuzuia wizi wa mitihani ya kitaifa. Kwa hiyo mzazi asiahirishe ziara ya muhula wa kwanza na wa pili akitumaini kwenda mwisho wa mwaka. Huenda akakuta lango limefungwa.

Wakazi wengine huuliza mbona kaunti haisimamii siku hizi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa majukumu ya elimu. Kaunti ilipewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani na vituo vya kutunzia watoto. Shule za msingi na za upili zilibaki chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti huwafikia wanafunzi wa sekondari kwa njia ya ufadhili na basari, ukiwemo mpango wa Elimu ni Sasa ambao umewapeleka vijana wetu wengi katika shule za mbali na nyumbani.

Ufadhili huo hulipa karo. Lakini hakuna hundi ya kaunti inayoweza kuketi na mtoto chini ya mti na kumuuliza analala vipi. Hiyo ni kazi ya watu wa nyumbani, na Katiba inaitambua: Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kinasema jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Kwa nini mtoto anakuhitaji huko

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu. Wengi wao walimaliza shule ya msingi na sekondari ya chini wakitoka nyumbani kila asubuhi na kurudi jioni. Leo wako bwenini. Mtoto wa miaka 15 au 16 kutoka Samburu au Vanga ambaye hakuwahi kulala mbali na kwao anajikuta Kiambu au Nyandarua, penye baridi asiyoizoea, chakula asichokizoea, na wenzake wanaozungumza lugha asiyoielewa. Ikiwa ni Mwislamu, huenda bado anajaribu kujua ataswali wapi na mwezi wa Ramadhani utakuwaje.

Kwa mtoto kama huyo, tarehe ya kutembelewa ni kitu cha kushikilia. Huihesabu. Hupanga atakachosema.

Na yako mengi asiyoweza kuyasema kwa simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu zao, hivyo wengi hupiga ya shule huku mwalimu au matroni yuko karibu na wenzake wamepanga foleni nyuma. Katika dakika mbili hizo, mtoto anayeonewa husema "niko sawa." Anayeumwa husema "niko sawa." Mkikaa pamoja saa mbili, mkila, maneno mengine hutoka yenyewe.

Mwandishi wa makala haya alisoma shule ya bweni. Nilipokuwa kidato cha pili, siku ya kutembelewa ilifika na hadi saa tisa alasiri sikuwa nimeitwa langoni. Nilikuwa darasani nikijifanya kusoma, pamoja na wenzangu wanne ambao pia walijifanya kusoma. Kasoro dakika chache saa kumi, baba akaingia akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Gari lilikuwa limeharibika njiani. Hakuwa na hotipoti. Alikuwa na mkate, soda moja na ndizi. Tulikaa kama dakika 40. Aliomba kuona daftari langu la hesabu, akalifungua, akaona mistari mingi niliyoiruka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ubao nauona. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Likizo iliyofuata nilipelekwa kupimwa macho nikapewa miwani.

Walimu wangu hawakuwa wazembe. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 50. Ilihitaji mtu ambaye siku hiyo alikuja kumwona mtoto mmoja tu.

Shule nayo hufaidika. Mwalimu anayemjua mzazi kwa sura humpigia simu mapema mambo yakianza kuharibika. Mwanafunzi anayejua kwamba nyumbani na shuleni wanazungumza huwa na nafasi ndogo ya kuupa kila upande hadithi yake. Mwishoni mwa 2021, kalenda ya masomo ilipokuwa imebanwa kufidia muda uliopotea wakati wa korona, visa vya moto shuleni viliongezeka, na Wizara ya Elimu ikatangaza likizo fupi ya katikati ya muhula mwezi Novemba. Moto wa shule huwa na sababu nyingi, lakini hatua hiyo ilikiri jambo ambalo mzazi yeyote analijua: mtoto aliyefungiwa muda mrefu bila kuona watu wake huchoka.

Angalia mambo ambayo ripoti ya masomo haionyeshi

Ripoti itakuambia mtoto amepata alama gani. Macho yako yatakuambia mengine. Ukifika, kabla ya kufungua chakula, mwangalie.

Amepungua? Ana upele, kikohozi kisichoisha, au alama mwilini asizotaka kuzieleza? Amevaa shati la mtu mwingine kwa sababu lake lilichukuliwa? Vitu ulivyomnunulia Januari bado viko? Au ana vitu vipya ambavyo hukumnunulia wewe? Kuna mtu, mwanafunzi au mkubwa, ambaye akipita mtoto hunyamaza? Kama ana pumu, selimundu au ugonjwa mwingine wa muda mrefu, muulize nani humpa dawa na lini alizitumia mara ya mwisho. Kama ni msichana, hakikisha ana sodo za kumtosha hadi mwisho wa muhula. Usingoje aombe, kwa maana wengi huona haya, hasa mbele ya baba.

Mtoto akisema anapigwa, msikilize hadi mwisho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na kumtesa mwanafunzi kiakili. Jibu la "hata sisi tulipigwa" humfundisha mtoto asikuambie tena.

Uliza kuhusu bweni

Kwale inajua uchungu wa moto wa bweni. Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 waliangamia katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, watoto 21 walipoteza maisha katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema wazi bweni linatakiwa liwe vipi. Liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2.

Mwongozo huohuo hauruhusu wageni kuingia bwenini, kwa usalama wa wanafunzi wenyewe. Kwa hiyo usilazimishe kuingia. Muulize mtoto: mnalala wangapi? Usiku mlango hufungwa na nani, na ufunguo hukaa wapi? Mmewahi kufanya zoezi la kutoka wakati wa moto? Majibu yasipokuridhisha, muulize mwalimu mkuu, au mpelekee mwakilishi wa darasa katika Chama cha Wazazi. Chama hicho kipo kwa mujibu wa sheria na kila mzazi ni mwanachama.

Usiache kwenda kwa sababu ya hotipoti

Wazazi wengine hukosa kwenda kwa kuona aibu ya mikono mitupu. Wamesikia habari za kuku wa kukaanga, keki na magari yaliyopangwa uwanjani, wakaona afadhali wasimtie mtoto haya mbele ya wenzake.

Mzazi, nenda. Mtoto ambaye hakutembelewa haoni haya ya chakula. Anaona haya ya kutoitwa langoni. Mahamri na chai vinatosha. Machungwa ya kutoka nyumbani yanatosha.

Kwa wanaosafiri mbali, kumbuka kwamba wali wa nazi na mchuzi wa nazi huharibika haraka kwa joto. Ukipika Ijumaa usiku ili uliwe Jumamosi saa saba mchana huko Murang'a, unaweza kumwachia mtoto ugonjwa wa tumbo. Beba vikavu, kisha ununue chakula cha moto karibu na shule. Uliza pia kanuni za shule hiyo: nyingine haziruhusu chakula kubaki na mwanafunzi baada ya wageni kuondoka. Pesa za matumizi na dawa zipitishe ofisini. Simu usimfichie kwenye mfuko wa unga. Ikipatikana, atakayeadhibiwa ni yeye.

Safari ya mbali hupangwa mapema. Kwa shule za Nairobi na maeneo ya kati, wako wanaotumia gari moshi la SGR lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, na wengine mabasi ya usiku. Kwa vyovyote vile, anayetoka Kwale hawezi kuamka Jumamosi akategemea kufika asubuhi hiyohiyo. Wazazi wa kijiji kimoja wenye watoto katika shule moja wanaweza kuchangishana tangu mwanzo wa muhula, wakakodi gari moja au wakapeana zamu.

Ukishindwa kabisa kwenda

Kwanza, mwambie mtoto ukweli mapema. Piga simu shuleni wiki moja kabla, umwombe mwalimu wa darasa akupe nafasi ya kuzungumza naye. Mtoto aliyeambiwa "sitaweza, lakini shangazi atakuja" hukaa vizuri kuliko aliyeachwa akitazama lango.

Pili, tuma mtu. Kaka mkubwa, shangazi, mjomba au nyanya anayeishi karibu na shule anaweza kwenda kwa niaba yako. Mfahamishe mwalimu mkuu jina lake na nambari yake ya kitambulisho, na umpe barua fupi uliyoitia sahihi. Shule ina haki ya kumzuia mgeni isiyemjua, na hiyo ni kwa faida yako. Usimtume mtu ambaye mtoto hamfahamu.

Tatu, kama mzazi mwenzako anaenda kumwona mwanawe shule hiyohiyo, mwombe amwite na wako wale pamoja. Na wewe unayefika, muulize mtoto wako kama kuna rafiki yake ambaye hajapata mgeni. Sahani moja ya ziada haitakufilisi.

Wazazi waliotengana wakubaliane zamu kabla ya siku yenyewe. Uwanja wa shule si mahali pa kumalizia kesi za nyumbani, na mtoto asifanywe shahidi.

Panga saa zako shuleni

Siku hupita haraka, hasa foleni ya langoni ikiwa ndefu. Fika na kitambulisho chako, kisha ufuate utaratibu huu:

1. Anza na mtoto peke yake, walau nusu saa, kabla ya wadogo zake kumzunguka. Muulize maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana": Rafiki yako ni nani? Usiku ukiugua unamwamsha nani? Kitu gani ungependa kibadilike?

2. Tazama madaftari, si ripoti pekee. Kurasa zilizorukwa zina habari.

3. Mwone mwalimu wa darasa. Muulize jambo moja analofanya mtoto vizuri na jambo moja linalomtia wasiwasi. Mwachie nambari ya simu unayoitumia sasa.

4. Pitia ofisi ya fedha uombe taarifa ya karo. Kama mtoto amefadhiliwa, hakikisha pesa zimeingizwa kwa jina lake. Kama hazimo, omba nakala ya taarifa hiyo uipeleke kwa msimamizi wa wadi yako, badala ya kungoja mtoto afukuzwe darasani.

5. Usiondoke bila kumwambia mtakapoonana tena. Mpe tarehe unayojua utaitimiza.

Na tafadhali, saa ya kwanza isiwe ya kugombana kuhusu alama. Mtoto anayekaripiwa kila anapotembelewa huanza kuombea siku hiyo isifike.

Tatizo likijitokeza, lipelekwe wapi?

Mambo ya kawaida ya masomo na nidhamu huanzia kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Yasipotatuliwa, mwone mwakilishi wa Chama cha Wazazi au Bodi ya Usimamizi ya shule, na baadaye ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo iliko shule. Andika tarehe na ulichoambiwa.

Dhuluma ya kingono haifuati ngazi hizo. Mtoto akikuambia ameguswa vibaya au amenajisiwa, usimwache shuleni ukisema utarudi wiki ijayo, na usikubali jambo hilo limalizwe ofisini au kwa wazee. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo alizovaa, kwa kuwa dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kisha upige ripoti polisi na kwa afisa wa watoto. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo kutoka popote nchini. Mtoto wako naye aijue kwa kichwa.

Kabla hujaenda, uliza tarehe

Wiki hii, kama una mwanafunzi wa bweni, fanya jambo moja: piga simu shuleni uulize siku ya kutembelewa ni lini. Iandike ukutani, anza kuweka nauli kidogo kidogo, na uamue leo nani atakwenda. Kaunti itaendelea kuwajibika kwa upande wake wa karo. Lango likifunguliwa Jumamosi hiyo, mwanao atakuwa anatazama kila anayeingia, akitafuta mtu wake.